Vidole Viwili Mezani

Jina lake halisi lilibaki kwenye vyeti. Mtaani, kazini na hata nyumbani aliitwa Rula, tangu siku alipokataa, shuleni, kupiga mstari chini ya kichwa cha habari bila rula, ingawa ilikuwa siku ya mtihani na kengele ilishalia. Sasa alikuwa na miaka arobaini na miwili, na bado hakuwa amepiga mstari wowote kwa kubahatisha.

Kwa miaka kumi na mmoja Rula alichora kwenye tableti. Alikaa karibu na dirisha, mgongo ukiwa upande wa ukuta ili mwanga usimwakie kwenye kioo, akashika kalamu isiyo na wino, akachora majalada ya vitabu, kalenda, na ng'ombe wengi sana wa vitabu vya darasa la pili. Akikosea, aligonga kioo kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, na kosa likafutika kana kwamba halikuwahi kutokea. Aligonga hivyo mara nyingi kuliko alivyopata kupiga mswaki.

Mama yake, aliyeshona nguo za watu kwa miaka thelathini na ambaye cherehani yake ilikuwa katika chumba hichohicho, hakuielewa kazi ile.

"Unapangusa kioo tangu asubuhi," alikuwa akisema. "Hakijatakata tu?"

Wageni nao walizisifu picha kwa moyo mweupe. "Kompyuta hizi zinajua kuchora, jamani!" Rula alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kwenye foleni na hataki kuonekana mgomvi.

Kisha kompyuta zikajua kweli. Mchapishaji alimwita ofisini, akamweleza kwa upole kwamba siku hizi mashine inachora yenyewe, ng'ombe na kila kitu. Rula akamjibu kwamba majirani walishamwambia hivyo zamani. Akashukuru, akainyoosha picha moja iliyokaa upande ukutani, akatoka.

Akakata shauri kushika kazi ambayo hakuna atakayethubutu kusema imefanywa na mashine. Fundi umeme wa mtaani alimpa mabaki ya waya wa shaba. Akanunua koleo mbili ndogo, tupa na msasa, akaanza kukunja hereni. Siku ya kwanza waya ulimchoma kidole gumba hadi damu ikamtoka. Mama yake aliinua uso kutoka kwenye cherehani, furaha imemjaa.

"Sasa hiyo ni kazi," alisema.

Hereni zenyewe zilikuwa nzuri. Rula alichora kwanza jani moja kwenye tableti, akaiamuru ilipindue ili apate la pili, akachapisha karatasi, kisha akakunja waya juu ya mistari. Ya kushoto na ya kulia zilifanana kama mapacha ambao hata mama yao huwachanganya. Akazifunga kwenye pamba, akazipeleka kwa Shangazi.

Shangazi alikuwa na duka la kazi za mikono, na katikati ya duka kabati la kioo lenye taa. Kila mtu alimwita Shangazi, ingawa hakuwa na kaka hata mmoja duniani. Kitu kikiingia kwenye kabati lile, fundi wake alikuwa amefika. Kikikataliwa, fundi alirudi nyumbani kwa njia ya uchochoroni. Shangazi akazishika hereni, akazilaza moja juu ya nyingine, akaziinua kwenye mwanga, akazirudisha kwenye pamba.

"Mwanangu, hizi ni za kiwandani."

"Nimezikunja mwenyewe, Shangazi."

"Mkono wa binadamu una kigugumizi. Hizi zinasema kama redio."

Basi Rula akajikuta palepale. Kwanza kompyuta ndiyo iliyomchorea, sasa kiwanda kilimkunjia. Ilionekana ulimwengu mzima unamfanyia kazi, asiyefanya ni yeye tu. Akapiga moyo konde, akamwomba Shangazi aje nyumbani amtazame akikunja. Shangazi akakubali, Jumanne saa nne asubuhi. Akiridhika, hereni zitaingia kabatini. Asiporidhika, asisumbuliwe tena.

Mama naye akaongeza sharti lake. Shemeji yake Rula alikuwa na duka la fotokopi na alitafuta mtu makini.

"Ukikataliwa Jumanne, Jumatano unaanza kwa shemeji yako. Kule angalau mashine inajulikana kuwa ni mashine."

Rula akakubali. Ila kila alipojiona amesimama maisha yake yote mbele ya mtambo unaotoa nakala, alichukua tupa na kuanza kulainisha waya upya.

"Basi zipindishe kidogo," mama alimshauri siku moja kabla. "Mimi mteja akinishuku, namwachia uzi mmoja unaning'inia. Anajua kuna mtu amepita hapo."

Rula alijaribu. Alichora jani lililopinda, akaurekebisha ule upindaji kwa muda wa saa nzima mpaka ukampendeza, akalipindua, akachapisha. Hereni zote mbili zilitoka zimepinda kwa kiasi kilekile.

Mama alizitazama. "Sasa atasema kiwanda kimeharibika."

Jumanne Shangazi alifika saa nne kasoro dakika mbili. Akaketi upande wa pili wa meza, akakataa hata maji, kama msimamizi wa mtihani. Mama alijiweka kwenye cherehani na shati ambalo lilikuwa limeshakwisha kushonwa tangu wiki iliyopita.

"Hiyo karatasi iondoke," Shangazi alisema. "Nimekuja kuona mkono."

Karatasi ikaondoka. Rula hakuwahi kukunja waya bila mstari chini yake, na sasa meza ilikuwa tupu kama uwanja. Akaanza jani la kwanza. Likaenda vizuri hadi kwenye ncha, hapo koleo ikateleza na kuuma waya, ikaacha kovu dogo pembeni.

Rula akagonga meza kwa vidole viwili.

Kovu likabaki. Mama akakohoa. Rula akaendelea, shingo ikiwa moto. Jani la pili likaanza kunenepa kuliko la kwanza. Akagonga tena. Likazidi kunenepa. Kabla hajafika kwenye ndoano alikuwa amegonga mara sita, na kila mara aliisubiri ile meza kidogo, kama mtu aliyebisha hodi.

"Hiyo ni nini?" Shangazi akauliza.

"Ipi?"

"Hiyo ya vidole."

Rula akaziweka koleo chini. Akaona fotokopi mbele yake, nakala baada ya nakala. Angeweza kudanganya, lakini hata uongo humtaka mtu kubahatisha.

"Ni mazoea, Shangazi. Nilikuwa nachora kwenye kioo. Kule ukikosea, unagonga vidole viwili na kosa linafutika. Hapa halifutiki. Mkono bado haujapata habari."

Shangazi akainama mbele. Cherehani ikasimama.

"Rudia," Shangazi akasema.

"Mkono bado haujapata habari."

"Mungu wangu." Shangazi akatoa kijitabu kwenye mkoba. "Bibi yangu mfinyanzi alikuwa anagonga chungu hivyohivyo. Mimi nilidhani ufundi huo umekufa!"

"Shangazi, si ufundi. Ni tableti."

"Mwenye ufundi hajisifu, najua," Shangazi akasema akiandika. "Mashine haigongi meza, mwanangu. Mashine inaomba msamaha kwa nani?"

Rula akamgeukia mama yake kutafuta shahidi. Mama alikuwa ameinamia shati, mabega yakimtikisika.

Hereni zile, moja nene, moja yenye kovu, ziliingia kabatini mbele kabisa, chini ya taa. Kando yake palikuwa na kadi kwa mwandiko wa Shangazi: *Fundi huyu akikosea hugonga meza mara mbili, na kosa humsamehe.* Rula aliisoma akiwa amesimama dukani, uso umekunjamana.

"Kuna kosa hapa, Shangazi. Ni vidole viwili mara moja. Si mara mbili."

"Umeona?" Shangazi akamwambia mteja aliyekuwa karibu. "Wasanii!"

Baada ya wiki mbili Shangazi aliagiza jozi nyingine kumi. "Na kovu usilisahau," akasisitiza. "Kovu ndilo wanalolipenda." Rula akazipiga picha zile za kwanza, akazikuza kwenye tableti, akalichora kovu, akagonga kioo pale alipokosea, akapima: milimita tatu kutoka kwenye ncha, jani la kushoto. Tangu hapo kila jozi hutoka na jani nene la kulia na kovu palepale, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kusema ni za kiwandani.

Shemeji aliajiri mtu mwingine. Mama hakulizungumza tena suala hilo. Ila asubuhi moja uzi wake ulitatana chini ya sindano, na Rula akamwona, kwa pembe ya jicho, akigonga ubao wa cherehani kwa vidole viwili na kusubiri.

"Hii yako haifanyi kazi," mama akasema.

"Mezani haijawahi kufanya kazi, mama."

Mama akagonga mara ya pili, kwa nguvu zaidi, kisha akachukua mkasi.