Nilimficha Mama Mkwe Maandishi ya Sanamu

Nilidanganya. Nilisema uongo mchana kweupe, katikati ya Darisalama, rozari ikiwa shingoni, na niliyemdanganya ni mama aliyemzaa mume wangu. Jina langu silitaji. Wanaonijua hapa Mpanda watanijua tu, na wasinihurumie!

Sikilizeni ilivyokuwa.

Mume wangu anafanya kazi mgodini. Mwaka huu mavuno yalipokwisha alipata likizo, akasema safari hii twende kuuona mji mkubwa, sote: yeye, mimi, binti yetu wa darasa la nne, na mama yake. Mama mkwe alikuwa hajapanda gari moshi hata siku moja. Ni mkulima wa Kakese, macho yameshaingia ukungu, lakini jembe analishika kunishinda. Nilidhani atakataa. Akasema, "Nitakwenda. Nina mtu wangu huko."

Mtu wake ni marehemu mume wake. Vita vya Mdachi, vile vya kwanza, askari walikuja wakamchukua kuwa mpagazi, abebe mizigo ya jeshi. Alimwacha mkewe na mtoto mgongoni, ndiye huyu mume wangu. Hakurudi. Hakuna aliyeleta habari, na kaburi halijulikani liko wapi. Sasa kuna mtu alimwambia mama kwamba Darisalama wamesimamisha mtu wa shaba kwa ajili ya watu wa vita vile. Basi akasaga ulezi wa shamba lake mwenyewe, akafunga unga kidogo kwenye pindo la kanga. Kwao, mtu aliyefia mbali humwagiwa unga, akaitwa kwa jina, apumzike.

Ule unga niliuona tangu siku ya kufunga mizigo. Nikanuna kimoyomoyo.

Mnielewe jamani. Mama mkwe alikuwa ameanza mafundisho ya ubatizo, na mimi ndiye niliyemvuta! Nilijifunza kusoma ukubwani, masomo ya jioni ya akina mama pale misheni, na kila siku kabla ya kulala nilimsomea Injili. Alikuwa anasikiliza, anauliza maswali mpaka nachoka. Sasa huyo huyo aende akamwage unga mbele ya sanamu, watu wanatazama? Nikasema moyoni, haitakuwa.

Siku ya kutembea mjini ilianza vibaya. Nilishikilia tuanze na kanisa kubwa linalotazama bandari. Nikapiga magoti, nikasahau kabisa kwamba wenzangu wamesimama wananingoja. Binti viatu vinambana. Baba yake anataka meli. Tukaona meli, tukaona nyumba za ghorofa, tukaona maduka yenye vioo unajiona mzima mzima barabarani kama mzuka. Mume wangu akajifanya mwenyeji.

"Hii sasa ndiyo posta," akasema, kidole juu.

"Baba, si imeandikwa benki?"

Tukacheka! Yeye mwenyewe alicheka, kusoma hajui na hafichi.

Mama mkwe hakucheka. Kila tukisimama anauliza, "Ndiye huyu?"

"Bado mama, hii ni benki."

"Benki haikunileta huku, mwanangu."

Mwisho tukafika. Sanamu iko katikati ya barabara, motokaa zinaizunguka. Tulivuka tumeshikana mikono, dereva mmoja akatupigia honi, akatoa kichwa dirishani: "Nyie washamba, mnataka kufa?"

Mama mkwe akamjibu bila kugeuka, "Ngoja na wewe. Mimi nimengoja kuliko wewe."

Akaweka kiganja kwenye jiwe. Akainua uso. Kwa macho yake yale aliona kivuli tu juani. "Ana nini mikononi?"

"Bunduki, bibi," binti akasema.

"Babu yako hakupewa bunduki. Alipewa mzigo." Akanigeukia mimi. "Kuna maandishi?"

"Yapo, mama."

"Nisomee. Wapagazi wametajwa? Wakiwa wametajwa, mtu wangu yupo hapa. Kama hawamo, nisimsumbue mtu wa watu."

Nikatazama. Kulikuwa na maandishi ya Kizungu, ya Kiarabu, na ya Kiswahili. Jicho langu likaangukia neno lile lile. Wapagazi. Limeandikwa wazi, halihitaji hata kusogea karibu. Na mkono wa mama mkwe ulikuwa umeshafika kwenye lile fundo la kanga.

"Hapana, mama," nikasema. "Ni askari tu."

"Mama, mbona pale pame..."

Binti! Nikamfinya mkono mpaka machozi yakamtoka. Baba yake alikuwa upande wa pili, kofia mkononi, anamkazia macho yule mtu wa shaba kana kwamba anamtafutia sura. Hakusikia kitu.

Mama mkwe akaondoa kiganja kwenye jiwe. "Haya. Twendeni, tusiwazibie wenye motokaa njia."

Na mimi nikadhani nimeshinda! Nikamshukuru Mungu, mjinga mimi.

Siku ikafa pale pale. Tulimnunulia mama soda, akampa mjukuu wake. "Mama, tazama, meli inatoka!" "Naiona," akasema, naye anatazama miguu yake. Binti hasemi na mimi. Mume wangu hajui lolote, mwishowe akakasirika: "Nimewaleta mjini au nimewaleta msibani?"

Tulipokuwa tunarudi, ndani ya gari moshi kulikuwa na mama mmoja na mtoto analia njaa. Mama mkwe akafungua pindo, akampa unga wote. "Mkorogee uji. Mimi sina wa kumpa."

Ningeweza kusema pale. Nafasi ilikuwepo, njia nzima mpaka Mpanda! Nikageukia dirishani, nikahesabu tasbihi.

Aliyesema ni binti. Tulikuwa tunakula nyumbani, bibi yake akaongea kama anaongea na ugali, kwamba wabeba mizigo hawakumbukwi popote. Mtoto akaweka tonge chini. "Bibi, wameandikwa. Mimi nilisoma. Na mama alisoma."

Mume wangu hakufoka. Angefoka ningepata pa kupumulia. Alisema tu, "Yule ni baba yangu. Ungenisomea hata mimi." Akatoka nje.

Nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, nikaeleza yote, unga, ubatizo, woga wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia nisimwage, nisingemwaga," akasema. "Ungesema, mama, wametajwa, ila unga hapana. Si ningemwita jina tu? Jina nalo ni dhambi?"

Nimeungama kwa padri, malipizi nimetimiza. Lakini padri hawezi kunirudisha pale barabarani! Nilimwambia mama tutadunduliza, tutamrudisha. Akasema haendi. "Niende nikasomewe na nani?"

Bado naamini unga haumfikishi marehemu popote. Hapo sijabadilika, na anayetaka kunicheka kwa hilo anicheke. Ila uongo wangu umemfikisha nani? Mafundisho ameacha. Nilimlinda na sanamu, nikamtoa mlangoni mwa kanisa kwa mkono wangu mwenyewe!

Injili bado naisoma jioni. Anakuja, anakaa, heshima yake ile ile, hajanitolea neno baya hata moja. Nikimaliza hanitazami. Anamgeukia mjukuu wake: "Hebu chukua wewe. Imeandikwa hivyo kweli?" Mtoto anapokea kitabu, anapitisha kidole, anausoma tena mstari ule ule. Na mimi mtu mzima nangoja mtoto wa darasa la nne anitolee ushahidi.

Nyie wenzangu mliopata kusoma, na nyumbani kuna asiyejua: akikuuliza kilichoandikwa, msomee. Msomee na lile usilolipenda, halafu ugombane naye ukitaka. Usimchagulie! Mimi nilificha neno moja tu, na leo hata neno la Mungu likitoka mdomoni mwangu linatafutiwa shahidi.