Kikopo cha Sista Katunge

Nikikumbuka mwaka ule wa tisini na saba, hasira hunipanda mpaka leo, na wallahi sijui nimkasirikie nani kwanza.

Katunge alikuwa muuguzi mwenzangu, au sista kama wagonjwa walivyotuita, katika wodi ya upasuaji ya wanaume, hapa Machakos. Mzaliwa wa kwanza wa familia ya wakulima wa Mitaboni, aliwalea wadogo zake wanne baada ya wazazi kufariki, akawasomesha kwa mshahara huo huo wa uuguzi. Alikuwa na ulimi, huyo. Akimkuta mgonjwa ameficha sigara chini ya mto, aliitwaa, akaivunjavunja mbele yake na kumsuta mpaka wodi nzima ikanyamaza.

Na mfukoni mwa sare yake mlikuwa na kikopo cha ugoro. Mamake alinusa, nyanyake alinusa, naye akanusa. Saa nne, tukimaliza kusafisha vidonda, tuliingia chumba cha chai, Katunge akatia ugoro puani, akapiga chafya mbili na kusema sasa macho yamefunguka. Tulimtania tu. Hata mimi Safiya, mtoto wa Majengo, niliyejua ugoro ni wa wazee wa sokoni, sikuwahi kuuhesabu kuwa tumbaku.

Basi akaletwa Maundu, mdogo wake wa mwisho, aliyekuwa akivunja mawe kwenye machimbo ya Mlolongo. Kidole kimoja cha mguu wa kushoto kilikuwa kimegeuka cheusi. Daktari Kitonga alimweleza bila kuficha: sigara ndizo zinazoziba mishipa yake ya damu, na asipoacha, mguu utakatwa. Maundu alikuwa na miaka thelathini na miwili, watoto watatu, na kazi isiyofanyika kwa mguu mmoja.

Maneno ya daktari yalikuwa mazuri. Shida ni kwamba akimaliza kuzunguka vitanda alitoka nje, akasimama kwenye kamba za kuanikia mashuka, akawasha sigara yake. Maundu alimwona vizuri kupitia dirishani.

"Yule anavuta na miguu yake yote iko," akamwambia dadake. "Akiacha, nami nitaacha."

Katunge akatoka mbio mpaka kwenye kamba. Nilimsikia akimwambia daktari kwamba yeye anambembeleza ndugu yake usiku na mchana, na daktari anabomoa kila kitu kwa dakika tano. Daktari akamwonya akumbuke anazungumza na nani. Kisha akashusha sauti, akakiri kwamba amejaribu kuacha mara tatu na imemshinda. Tangu siku ile akawa anaenda kuvutia nyuma ya jenereta, nasi tukajipongeza kwamba tumeshinda. Ushindi gani huo, jamani?

Lakini Maundu aliacha, na aliacha kweli. Aliruhusiwa akakae kwa dadake mjini, na kila wiki mbili alikuja kliniki akichechemea. Kidole kile kikakatwa. Cha pili kikageuka cheusi, kisha cha tatu. Daktari akatufuata chumba cha chai, akamwambia Katunge kwamba ndugu yake anavuta kisirisiri.

Katunge akawaka. "Maundu si mwongo. Miezi mitatu hajagusa sigara. Hamu ikimzidi, mimi mwenyewe nampa ugoro."

Aliyasema kwa fahari. Daktari akavuta kiti, akakaa, akamwuliza anampa mara ngapi kwa siku. Akajibu asubuhi, mchana na jioni.

"Sista, hiyo ni tumbaku ile ile."

Katunge akanigeukia mimi, akitaka nimkanushe daktari. Ningesema nini? Miaka sita kikopo kile kilikaa mezani kando ya sukari, na daktari huyo huyo alikuwa akikisogeza ili apate kijiko. Kila mgonjwa tulimwuliza kama anavuta sigara, akikataa tukaandika hapana, tukapita kitanda kingine. Tulisoma, tukavaa nyeupe, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza habari za ugoro.

Mguu ulikatwa Jumatano, chini kidogo ya goti. Katunge alikuwa amekwisha kukitupa kikopo chooni. Maundu alipozinduka vizuri, siku ya pili, nilikuwa kitanda cha jirani nikimwosha mgonjwa.

"Dada, sigara nimeacha na mguu umeenda," akasema. "Nipatie basi ugoro kidogo."

Katunge akaketi kitandani, akamshika mkono, akamweleza yote. Hakujitetea. Alisema ugoro ni tumbaku, umeimaliza mishipa yake, na mikono iliyompa ni yake. Maundu alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwani wewe si sista?" akamwuliza.

Aliuliza polepole, akitaka kujua kweli. Nami niliinama, nikaendelea kukamua kitambaa kwenye beseni.