Dua Iliyoleta Intaneti

Juzi nilishinda kwa wakala mmoja wa mizigo kule Magongo, nikingoja hati za gari langu lililokwama bandarini. Zilikuwa zije kwa intaneti kutoka Dubai. Kompyuta ilikuwa chumba cha nyuma kwa binti karani, lakini modemu, kile kisanduku kinacholeta intaneti kwa laini ya simu, ilikaa mbele kwa mzee mwenye ofisi, kando ya simu, maana simu ile ina kufuli na ufunguo hauachani na mfuko wake. Fundi akavuta waya ukumbini kote hadi kwenye kompyuta, karani akabonyeza. Modemu ikalia kama paka wanaopigana, kisha kimya.

"Mzee, umeinua simu?" karani akauliza toka nyuma.

"Nasikiliza tu kama imefika."

"Ukiinua, inakatika."

"Haya, mwanangu."

Wakajaribu tena. Modemu ilipolia, mzee akainua simu polepole, akaitia sikioni, akanikonyeza. Kimya.

Adhana ya adhuhuri ikamwita msikitini. Hati zikaingia zote.

Aliporudi akaonyeshwa. Akazipapasa ndevu, akatabasamu. "Mwaona? Nimewaombea."

Wallahi, nami nikaitikia amina. Laiti wakubwa wetu wote wangetuombea hivyo, wakiwa mbali na simu.