Msomaji wa Habari na Kanga ya Bibi

Kila baridi inapoanza nikawasha hita, harufu ya vumbi linaloungua hunirudisha mbele ya televisheni yetu ya kwanza hapa London. Nayo ilinuka hivyo hivyo ikishapata moto.

Bibi alikuwa akimwonea haya msomaji wa habari. Mwanamume yule akitokea tu kwenye kioo, bibi alijitanda kanga kichwani na kukaa vizuri. Kiingereza alikuwa hakijui, na mkalimani wake nilikuwa mimi.

Jioni moja ilitokea minazi, na askari wamesimama barabarani. Bibi akanishika mkono.

"Mjukuu wangu, ndo kwetu hapo? Wanasemaje?"

Ami yangu, mwanawe wa mwisho, alikuwa bado kifungoni Unguja. Nami sikuwa nimesikiliza hata neno moja. Nilikuwa nangojea vichekesho vianze.

"Si kwetu, bibi. Hamna kitu."

"Alhamdulillahi," akasema, akaishusha kanga mabegani.

Tangu jioni ile hakuniuliza tena. Ikitokea minazi alinitazama usoni tu, na akiniona nimetulia, naye alitulia.