Siku Moja ya Tairi la Nyuma

Juzi nilipeleka gari langu kwenye alaimenti, kunyooshwa magurudumu. Fundi akaunganisha mashine, ikamwonyesha kwenye kioo kwamba gurudumu la nyuma limekaa upande. Dakika chache, kazi kwisha. Lakini rafiki yangu, niliondoka pale nikiikumbuka siku moja ya utotoni.

Nilikuwa binti wa miaka tisa. Tulipanga mtaa wa Mchafukoge, katikati ya jiji, juu ya duka la vipuri la jirani yetu, mzee wa Kiarabu. Asubuhi ngazi zilinukia kahawa yake ya tangawizi pamoja na grisi ya vipuri, na wasukuma mikokoteni walipita wakipiga kelele, "Kando! Kando!"

Asubuhi hiyo baba mkubwa alipiga simu kutoka Moshi: bibi amezidiwa, anawataja wajukuu. Mama akafungasha maandazi, tukapanda gari letu kuukuu lililotembea kiubavu kama kaa. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa likiliwa upande wa ndani. Baba alishabadilisha mawili, hakutafuta sababu.

Jirani akatoka dukani.

"Shikamoo, mzee," baba alisema, akiwasha gari.

Mzee alikwenda moja kwa moja nyuma ya gari. Aliinama, akapitisha kiganja nyuma ya tairi, akakitoa kimechanwa na nyaya zilizochomoza kwenye mpira.

"Zima gari."

"Mama yangu ananisubiri, mzee."

"Unataka ukamwone, au aletewe maiti zenu?"

Mama akatushusha. Baba aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Mzee alifunga duka, akakunja kanzu, akavuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele. Kulia ulilala sawa. Kushoto ukaacha pengo la vidole vitatu. Akaingia uvunguni.

"Mpira wa bushi umekwisha," akasema. "Na bolti inayoshika mkono wa gurudumu ina ufa. Hii haifiki Chalinze."

Vipuri hivyo havikuwepo dukani kwake, kwa hiyo yeye na baba wakaenda kuvisaka mtaa wa Gerezani. Sisi tulikaa kwenye ngazi. Kila simu ya mama ilipolia, alijishika kifua kabla ya kupokea. Walirudi alasiri. Mzee akafunga kila kitu kwa mikono yake, akapima tena kwa uzi mpaka adhana ya magharibi. Tuliondoka alfajiri iliyofuata. Gari lilinyooka barabarani, na njia nzima hakuna aliyegusa maandazi.

Bibi tulimkuta hai. Alitushika mikono, lakini kauli ilikuwa imekatika asubuhi ya siku hiyo tuliyofika. Ndugu walituambia kwamba jana yake, gari likitengenezwa, alishinda akimwita baba kwa jina lake la utotoni. Siku ya tatu tukamzika.

Tuliporudi, mzee alikuwa mlangoni.

"Mlimwahi?"

"Tulimwahi, mzee. Ahsante," alijibu baba. Hakumwambia kuhusu kauli iliyokatika, na sisi watoto tukajua tusiseme.

Mzee alihama bila kujua siku ile ilitugharimu nini. Nyumba imevunjwa, pamesimama ghorofa la maduka, na waliomo hawajuani majina. Mimi hupita hapo polepole, nikitazama nyuso. Sijaona hata mmoja ninayeweza kumwamkia.