Nilijaribu compiler mbili kabla ya kununua, saa kumi na mbili ndiyo ikaamua

Wakuu, salaam kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Same na sijaongeza chumvi. Mwenye kubisha aje, anayetaka kujifunza avute kiti.

Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta mjini, na huwa naandika programu ndogondogo. Shangazi yangu Namkunda yuko kijijini kwetu milimani, ni katibu wa kamati ya ndiva.

Kwa wasio wa Upareni, ndiva ni bwawa dogo. Maji yanajikusanya usiku, asubuhi linafunguliwa, kila mkulima na zamu yake.

Nikamwandikia shangazi programu ya kupanga zamu. Anaandika jina na saa, karatasi inatoka. Watu wakamsifu, na mimi kichwa kikavimba kidogo.

Sasa balaa.

Mzee Elinami, mmoja wa wakulima, mahindi yake yanatoa mbelewele, wakati hasa yanapotaka maji, alibadilishana zamu na jirani akapata saa 12 asubuhi. Shangazi akaandika 12, kama sote tunavyosema. Kumbe kwenye ukurasa wa kubadilishana zamu nilisahau kugeuza saa zetu kuwa za Kizungu. Kompyuta ikaelewa 12 ya mchana, ikamchapia mzee "saa sita mchana".

Mzee kafuata karatasi, kaja mchana na jembe, kakuta tope. Maji yalishateremka kwa wenzake wa chini.

Na shamba la shangazi liko hukohuko chini.

Mnaona ilipofika? Wakasema Namkunda kala maji, aondolewe kwenye kamati. Alinipigia analia: "Mwanangu, mimi sijala maji ya mtu."

Roho iliniuma sana, wakuu. Nilieleza kosa ni langu, wengine wakaniona namtetea ndugu. Kamati ikakubali tujaribu kwa mzunguko mmoja tu wa zamu. Ikikosea tena, shangazi anatoka.

Kurekebisha ule mstari ilikuwa kazi ndogo. Shida ni mistari mingine mibovu ambayo sikuijua.

Kwa wasiojua, compiler ndiyo inayogeuza code uliyoandika iwe programu inayofunguka kwenye kompyuta. Niliyokuwa natumia, ya bure, haikunionya chochote. (Sisemi za bure ni mbaya, usinirukie mkuu.) Nikashusha mbili za kulipia, zote zina muda wa majaribio. Majina sitaji, msije mkasema napiga promo.

Ya kwanza ilikuwa na speed ya hatari. Mifano ya muuzaji yote ilipita. Ya pili ilikuwa inajivuta, na muonekano wake wa kizamani kabisa. Nilishashika simu kulipia ya kwanza.

Nikajisemea, ngoja kwanza. Mifano ya muuzaji haijawahi kufika Upareni.

Nikachukua code yangu mbovu vilevile ilivyo. Kosa nikaliacha, ila nikatengeneza aina mbili za saa, za Kiswahili na za Kizungu, compiler ijue ni vitu tofauti. Nikazipa compiler zote mbili.

Yenye speed ikapitisha kimya. Kwake namba ni namba tu.

Ile ya kujivuta ikagoma! Ikanionyesha ule mstari uliomponza shangazi. Halafu ikanionyesha mwingine, kwenye zamu za dharura, kosa lilelile. Huo sikuwa na habari nao hata kidogo. Bila hivyo, mkulima mwingine angefuata kukosa maji.

Nikarekebisha, nikapanda na flash hadi kwenye kompyuta kuukuu ya kamati. Ikafunguka. Hapo ndipo nikalipia.

Mzunguko ulipoanza nilienda ndivani nikasimame na shangazi. Saa kumi na mbili asubuhi, baridi, watu wametununia. Mzee Elinami akafika na karatasi yake, maji yakafunguliwa, yakaingia kwenye mfereji wake. Akayafuata hadi shambani.

Aliporudi miguu imejaa matope. Akasimama mbele ya watu wote.

"Namkunda, niandike na mzunguko ujao."

Shangazi alijibu, "Haya mzee," akageuka upande akafuta macho kwa kanga. Bado ni katibu hadi leo.

Nilichojifunza: kabla hujanunua compiler, usiipe mifano yao mizuri. Ipe kosa lako mwenyewe, lile la nyumbani kwenu, uone kama itakukatalia.

Wakuu, nyie mnapima kwa kutumia nini? Na kama kuna ya bure inayogoma hivyohivyo, itajeni, hata mkinicheka poa tu.