Meza Iliyotazama Ukuta

Juma lililopita jirani yangu hapa Mapinga alikuwa anarekebisha sebule yake, na upepo ukaniletea harufu ya chokaa iliyotiwa maji. Nilikuwa nafagia uwanja. Nikauegemea ufagio, nikasimama pale kwa muda, nikasikia uchovu ambao haukuwa wa siku ile. Sijui kwenu harufu hiyo inakumbusha nini. Mimi inanirudisha Bagamoyo, nyumbani kwetu, mwaka ule ambao baba aliamua kututengenezea chumba cha kulia kwa mikono yake mwenyewe, na sisi sote tukawa tunakula wali wenye mchanga.

Kabla ya hapo hatukuwa na chumba cha kulia, wala hatukujua kwamba tunakikosa. Tulikula ukumbini, juu ya mkeka, kwenye sinia moja. Mama alikaa karibu na mlango wa uani ili awe mwepesi kuinuka kufuata maji au pilipili. Baba, akiwepo, alikaa mbele yake, na mimi na mdogo wangu Idi tukajaza nafasi zilizobaki. Mama ndiye aliyetuchambulia samaki. Alitoa miba kwa vidole vyake vya mkono wa kulia, haraka haraka, huku akizungumza mambo mengine kabisa, kisha akamsogezea kila mtu fungu lake bila kukosea nani anapenda mkia na nani anapenda tumbo.

Baba alikuwa mpishi kwenye hoteli moja ya madereva wa malori kule Chalinze. Aliondoka Jumamosi alfajiri, akarudi Alhamisi jioni kwa basi la kupitia Msata, nguo zikinuka moshi na vitunguu. Akishafika alioga, akasali, akajinyoosha ukumbini. Hayo ndiyo yalikuwa mapumziko yake, na sisi tulifundishwa kupita kwa kunyata.

Asubuhi moja mama aliinama kuwasha jiko, na alipotaka kuinuka hakuweza. Ilikuwa kiharusi. Alikaa hospitali, akarudi akiwa anashikiliwa huku na huku. Mguu wa kulia ukawa wa kuburuta, mkono wa kulia umelala tu mapajani kama kitu alichopewa amshikie mtu, na mdomo umevutwa upande. Maneno yalimtoka polepole. Shangazi Mwajuma, dada mkubwa wa baba, akahamia kwetu kutupikia na kutuangalia.

Tangu siku aliyorudi, mama hakula tena nasi. Alitaka apelekewe chakula chumbani na mlango ufungwe. Mimi ndiye niliyepeleka sahani.

"Weka hapo, mwanangu," alikuwa akisema. "Haya, nenda."

Niliporudi kuifuata sahani, mara nyingi nilikuta ameila robo tu. Nilikuwa darasa la nne, na kwa akili yangu sababu ilikuwa wazi. Mguu haukunjiki, sasa atakaaje chini mkekani? Wakubwa walinyamaza, na mimi nikabaki na maelezo yangu.

Alhamisi moja baba alirudi, akaoga, akasali, lakini hakujinyoosha. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, ambacho kilikuwa stoo yetu, akawa anakitazama. Humo mlikuwa na magunia ya mahindi yaliyoletwa na ndugu zake mama kutoka Miono, baiskeli isiyo na magurudumu, makaa, na milango miwili mizito ya mninga iliyobaki babu alipobomoa upande mmoja wa nyumba.

"Hapa patakuwa chumba cha kulia," akasema. "Meza, viti. Tukae kama watu."

"Kwani sasa hivi tunakaa kama nani, kaka?" shangazi akauliza kutoka jikoni. Alikuwa mkubwa kwake, lakini alizoea kumwita kaka kwa mapenzi, na pia alipotaka kumuudhi. "Na fundi nani?"

"Mimi."

Shangazi alirudi kwenye chungu chake, na jinsi alivyokuwa akikoroga ule mchuzi ilitosha kuwa jibu.

Kesho yake baada ya sala ya Ijumaa tulianza kutoa vitu. Panya walikimbilia ukumbini, kuku wakawafukuza, Idi akapanda dirishani na kukataa kushuka. Baba alivua shati, akachukua panga butu, akaanza kukwangua kuta. Nyumba yetu ilikuwa ya zamani, ya mawe na udongo, imepakwa chokaa juu ya chokaa tangu enzi za babu. Alidhani atatoa ganda la juu tu. Lakini kila alipokwangua, ukuta ulimfuata. Kipande kikubwa kilidondoka karibu na dirisha, kikaacha tundu, na kwenye tundu likatokea jicho la mbuzi wa jirani. Mbuzi akatutazama, nasi tukamtazama. Baba akakaa juu ya gunia, akacheka kidogo, kisha akafuta uso kwa mkono uliojaa vumbi. Alfajiri yake alipoondoka kwenda Chalinze hakuwa amepumzika hata kidogo.

Ndivyo ilivyoendelea. Wiki nzima chumba kilikaa wazi kama kidonda, vumbi likitambaa mpaka jikoni, na sisi tulikula ukumbini katikati ya magunia. Alhamisi baba akirudi, alikuwa anaanza upya. Aliziba tundu. Akapiga plasta ya saruji kuta zote, mimi nikimtilia maji kwenye ndoo na yeye akiniambia, "Kidogo. Kidogo tu. Basi." Plasta ilipokauka akapaka rangi ya mafuta, kijani ileile iliyokuwa kwenye hoteli yao, maana ndiyo rangi aliyobakishiwa. Kwa mara ya kwanza chumba kilipendeza. Hata shangazi alikuja kukitazama, akapitisha kiganja ukutani, akasema, "Haya, si haba."

Halafu masika yakaingia. Ukuta wa zamani ulikuwa na unyevu na chumvi yake, na chumvi ile haikukubali kufungiwa ndani. Rangi ilianza kutoa malengelenge. Mimi na Idi tulikuwa tukiyabonyeza kwa kidole, yakapasuka na kutoa unga mweupe. Baba aliporudi Alhamisi ile, alikuta rangi imebambuka vipande vipande na plasta imeachia. Alisimama mlangoni na mfuko wake begani. Hakuuweka chini. Sijawahi kusahau mabega yake yalivyokuwa.

"Acha, kaka," shangazi akamwambia, na safari hiyo hakuwa na kejeli. "Utajiua. Tumeshazoea mkeka."

"Sijamjengea aliyezoea," akajibu.

Akakwangua tena. Alitoa saruji yote, akarudi kwenye chokaa, akapaka nyembamba nyembamba, safu baada ya safu, akisubiri. Sakafu alimwaga mwenyewe na akatukataza wote kukanyaga. Sisi tulitii. Jogoo wa shangazi hakutii, akapita katikati kwa maringo, na nyayo zake zipo mpaka leo. Ile milango ya babu akaikata na kuipiga misumari ikawa meza, nzito kupita kiasi, mguu mmoja mfupi. Akauwekea vipande vya kandambili kuukuu. Viti vikawa vya plastiki, vingine vya kwetu, vingine vya kuombwa, kila kimoja na kimo chake, hata ukikaa karibu na Idi ulijiona umekuwa mtu mzima.

Mchana wa Ijumaa tulipokizindua chumba, baba alipika mwenyewe. Alituandalia wali wa nazi, changu wa kukaanga, na mchicha. Badala ya sinia aliweka sahani, kila mtu na yake, na kila sahani na kijiko chake. Kisha akaingia chumbani kwa mama. Walikaa humo kitambo. Walipotoka alikuwa amemshika kiwiko, na mama alikuwa amevaa khanga mpya na kujitanda vizuri. Alitazama kuta, akatazama meza, akasema polepole, "Umefanya kazi." Baba akamvutia kiti. Mama akakaa mbele yetu, mahali pa heshima, katikati kabisa, ambapo sote tulimwona.

Tukasema bismillahi. Mama akachukua kijiko kwa mkono wa kushoto.

Idi alikuwa na miaka mitano. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa amefundishwa, tena na mama mwenyewe, kwa kupigwa vikofi vidogo vya mkono, kwamba mtu hali kwa mkono ule. Akanyoosha kidole.

"Mama anakula na mkono wa chooni."

Punje za wali zilikuwa zimeanza kumtoka mama upande wa mdomo uliolegea. Akaweka kijiko chini taratibu, kisitoe sauti. Akajifuta kwa ncha ya khanga. Akasema amechoka, na aliposhika meza ili ainuke, baba alikuwa ameshafika kumshika. Nilisikia mlango wa chumba chake ukifungwa. Shangazi alimchukua Idi, ambaye alikuwa analia bila kujua amefanya nini, akaenda naye uani. Baba alirudi akakaa peke yake kwenye meza ile kubwa. Sikujua niondoke au nibaki. Nikabaki. Alikuwa akitazama sahani ya mama, na mikono yake yenye mipasuko ya chokaa ilikuwa imelala mezani kama vyombo vilivyokwisha kazi.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mguu haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mkono wa kutia kwenye sinia, na macho yetu.

Jioni ile baba aliomba msumeno kwa jirani. Shangazi alidhani amekasirika na anataka kuivunja meza. Haikuwa hivyo. Aliipunguza upana mpaka ikawa nyembamba kama benchi, kisha mimi na yeye tukaisukuma hadi ikagusa ukuta, na ncha yake ya kushoto ikaingia kwenye kona. Viti akavipanga upande mmoja tu. Kiti cha mama akakiweka mwisho kabisa, kwenye kona, mkono wa kushoto ukielekea ukutani. Kiti chake mwenyewe akakiweka cha pili. Kisha mimi, Idi, shangazi. Sote tulitazama ukuta. Mtu asingeweza kumwona mama akila mpaka ainame mbele ya baba, na baba alikuwa mtu mpana.

Mama alikataa kutoka siku ile na nyingine iliyofuata. Wiki iliyofuata, Ijumaa, alitoka. Hakuitwa. Tulimsikia mguu wake ukiburuta ukumbini, na baba akatukazia macho tusigeuke. Akakaa kwenye kona yake. Tulikula tukitazama chokaa, na baada ya muda nikasikia kijiko chake kikigonga sahani, kikigonga tena. Baba alikuwa anamweleza habari za dereva mmoja wa Vigwaza aliyeagiza supu, akasinzia kabla haijafika. Mama akatoa sauti. Ilinichukua muda kutambua kwamba ni kicheko, maana nacho kilikuwa kimebadilika.

Toka hapo tulikula hivyo. Wageni waliotutembelea walishangaa. Mmoja alisema tumekaa kama wanafunzi walioadhibiwa. Mimi niliona haya. Niliona kazi yote ile, miezi yote ile ya vumbi, imetupa chumba cha kuchekwa, na nyumbani kwa rafiki zangu watu walikaa mkekani wakitazamana na wakacheka kwa raha zao. Kwa miaka mingi niliposimulia habari hii niliisimulia kama habari ya baba, mtu mkaidi aliyemtoa mkewe chumbani kwa panga butu na ndoo ya chokaa.

Mwaka jana nilikwenda kuwasalimu. Baba alikuwa amekwenda msikitini. Mimi na mama tulikuwa uani, mimi nachambua mchele, yeye amekaa kwenye kiti chake na fimbo mapajani. Mdomo umerudi karibu sawa, mkono haujarudi. Nikamuuliza kama ile meza ilimfurahisha siku ya kwanza alipoiona, kabla ya maneno ya Idi.

"Meza sikuitaka," akasema.

Nikaacha kuchambua.

"Nilitaka kuachwa, Hawa. Nilale, nisionekane. Lakini chumba changu na kile vinachangia ukuta. Nikawa namsikia baba yako anakwangua. Anakohoa. Ananyamaza, najua amekaa chini. Halafu anaanza tena. Ametoka kuwapikia watu wiki nzima, hajalala." Alipumzika kidogo, maneno marefu bado yanamchosha. "Alipouleta ule msumeno, nikasema huyu mtu hataacha. Nisipotoka mimi humu ndani, hatapumzika."

"Ulimwambia?"

"Nimwambie ili iweje?"

Akaniomba nimsaidie kugeuza kiti, jua lilikuwa linamfikia.

Nimekaa na jibu hilo tangu wakati ule. Mtoto niliyekuwa aliona mtu mmoja amechoka akimhangaikia mwenzake. Hakuona kwamba upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mtu mwingine amechoka vilevile, anasikiliza, na anajikusanya kidogo kidogo, akivumilia aibu yake yote, ili siku moja ainuke aburute mguu mpaka kwenye ile kona, mumewe apate kuweka panga chini.